Tundu kubwa kwenye ukuta wa jipsamu: usilizibe, likate kwanza

Mwiko Mpana (#1)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, atarudi mwenyewe siku akitoboa ukuta.

Mimi si fundi. Ni mtu aliyehamisha kabati peke yake kwa ubishi, kona ikateleza ikazama ukutani bila hata kelele. Nilipolivuta, tundu lililobaki lingepitisha ngumi zangu mbili kwa pamoja. Nikafanya kile ambacho naamini wengi wenu mmeshafanya: nikashindilia magazeti ndani, nikapaka puti, ikapasuka, nikapaka tena. Mara nne. Nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikajipongeza. Wiki ya tatu upepo ukabamiza mlango, nikasikia kishindo chumba cha pili. Puti yote imedondoka nzima, duara moja zito kama kifuniko cha chungu, na magazeti yakafuata nyuma.

Hapo ndipo nikakubali kujifunza. Na jambo la kwanza nililoambiwa lilinikera: tundu kubwa halizibiki mpaka ulikuze.

Sababu iko kwenye bodi yenyewe. Bodi ya jipsamu ni unga wa jipsamu ulioganda katikati ya karatasi mbili nene, na nguvu yake nyingi iko kwenye hizo karatasi. Karatasi ikishachanika, kinachobaki unakivunja kwa kidole. Kwa hiyo kingo za tundu lililopasuliwa kwa kishindo ni kingo mfu: karatasi imelegea, na nyufa zimetambaa sentimita mbili tatu ndani ya sehemu inayoonekana nzima. Ukipaka puti hapo umeing'ang'aniza kwenye takataka. Puti nayo haina mfupa. Kazi yake ni kusawazisha, si kubeba.

Mpaka wangu mimi ni huu. Tundu la msumari au skrubu, puti tu. Mpaka kama sentimita 10, viraka vya wavu vya kubandika vinaweza kukuokoa. Kuanzia kiganja kilichokunjuliwa na kuendelea, tafuta kipande cha bodi na kitu cha kukishika kwa nyuma.

Sasa kazi. Kabla ya kukata chochote, mulika ndani na tochi. Waya? Bomba? Zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu, kuzima taa peke yake hakutoshi. Kwa kawaida waya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi au swichi, au hutambaa usawa wake, kwa hiyo tundu likiwa juu, chini au pembeni ya soketi usitumbukize msumeno hovyo. Kata kwa kisu cha wembe, pole pole, kina cha bodi tu.

Chora mstatili kuzunguka tundu kwa penseli na pimamaji, mistari ipite kwenye bodi nzima na si kwenye nyufa. Kata. Ukimaliza utakuwa na dirisha safi lenye pembe nne, kubwa kuliko tundu la mwanzo, na moyo utakudunda. Tulia.

Pima unene wa kile ulichokitoa. Bodi nyingi za ukutani ni milimita 12.5, kwa wanaofuata inchi ni nusu inchi, yaani 12.7. Zipo za 9.5 na zipo za 15. Usikisie! Kiraka chembamba unaweza kukinyanyua kwa puti, lakini kiraka kinene kuliko ukuta hakina dawa, kitabaki kama kigaga.

Nyuma ya dirisha hilo unaweka vibao viwili vya mbao, kimoja kila upande, kila kimoja kirefu kuliko dirisha kwa sentimita 10 au zaidi. Unakiingiza kwa mshazari, unakivuta kuelekea kwako, nusu ya upana wake ifichwe nyuma ya bodi ya zamani na nusu ionekane dirishani. Kisha unapiga skrubu kupitia bodi ya zamani mpaka kwenye mbao. Funga kwanza skrubu ndefu katikati ya kibao iwe mkono wa kushikia, maana kikikuponyoka hukipati tena. Changu kimoja kimo ndani ya ukuta mpaka leo.

Kiraka kikate kidogo kuliko dirisha, kiache nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Kikiingia kwa kulazimishwa kitapasua kingo na utarudi ulikoanzia. Kifunge kwenye vibao kwa skrubu za bodi, za milimita 32 zinatosha kwa bodi ya 12.5. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu, kiache kijishimo, kisichane karatasi.

Dirisha likizidi kama nusu mita, achana na vibao. Tafuta nguzo za ndani, zile mafundi wanaziita stadi. Kwa kawaida zimepangwa milimita 400 au 600 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine (kwa inchi, 16 au 24). Kata mpaka katikati ya nguzo ya kushoto na katikati ya nguzo ya kulia, ili bodi ya zamani na kiraka vigawane mbao. Juu na chini ongeza mbao za kulala kati ya nguzo na nguzo.

Baadaye tepu kwenye viungio vyote vinne, puti mara tatu, msasa, praima (rangi ya chini inayotangulia), rangi. Hayo nitayaeleza nikirudi. Karibuni tukosoane.

Nimekaa Pale (#2)

Nimevuta kigoda. Endelea mkuu.

Kona Kali (#3)

Mleta uzi, asante, ila naona umekuza mambo. Kuna vile viraka vya wavu vyenye bati jembamba la alumini katikati, unabandika, unapaka puti, umemaliza. Nilibandika kimoja nyuma ya mlango mwaka jana, tundu la kitasa, mpaka leo kipo. Kwa nini nikate ukuta wangu?

Mwiko Mpana (#4)

Kona Kali, la kitasa ni kama sentimita 6 au 7, hapo uko sawa na sikupingi. Lakini kumbuka kiraka kile kinakaa JUU ya ukuta, hakiingii ndani. Lazima ukifunike kwa puti na kuitandaza mbali sana ili nundu isionekane. Tundu likiwa kubwa, katikati kunakuwa na ngozi tu juu ya uwazi. Bonyeza kwa gumba uone.

Halafu swali langu kwako: umeweka kizuizi cha mlango? Kama hujaweka, kitasa kinarudi pale pale.

Kona Kali (#5)

Sijaweka. Ngoja nikaweke kabla sijajibu.

Bisibisi Butu (#6)

Mimi kazi hii ndiyo inayonilisha, nina miaka mingi ndani ya vumbi hili. Mwiko Mpana kaeleza vizuri kuliko vijana wengi ninaowafundisha. Ila kaishia patamu, na hapo kwenye tepu na puti ndipo watu wengi wanapoharibu kazi iliyokwisha kufungwa vizuri. Niseme mimi.

Puti ziko za aina mbili na si ndugu. Ipo ya unga, unachanganya na maji mwenyewe. Ipo ya ndoo, imekwisha changanywa kiwandani.

Ya unga HAIKAUKI, inaganda. Ni jipsamu iliyochomwa kwenye joto la karibu nyuzi 150 mpaka ikapoteza robo tatu ya maji iliyozaliwa nayo. Ukiirudishia maji inayanywa na kuwa jiwe tena. Ndiyo maana ukishika chombo wakati inaganda unasikia joto. Pakiti nyingi zimeandikwa dakika: 20, 45, 90. Hizo ni dakika zako za kufanya kazi, na kwa anayeanza nashauri 90. Ikianza kushika usiiongezee maji uilainishe, hiyo imeshakufa, itupe. Na chombo ukioshe kila mara! Mabaki ya mchanganyo wa zamani yanaharakisha mchanganyo mpya. Utachanganya ya dakika 45 ikugandie ukiwa bado unatafuta skrepa, lile bapa la kutandazia puti.

Ya ndoo inakauka kwa maji kuondoka hewani. Kwa hiyo inasinyaa. Ukiijaza kwenye ufa mpana itazama katikati na kupasuka, kama ile ya mleta uzi mara nne zake. Kila mkono, yaani kila tabaka unalopaka, unataka kama siku nzima, na hali ya hewa ya unyevu inataka zaidi. Uzuri wake ni laini, inatandazika na inapigika msasa kama poda.

Kwa hiyo mimi kiungio chenye nafasi najaza kwa ya unga, naweka tepu kwa ya unga, halafu mkono wa mwisho, au miwili ya mwisho, ni ya ndoo. Ya unga ukiipiga msasa mkono utaota sugu.

Tepu nazo mbili. Ya wavu inajibandika yenyewe, ni rahisi, lakini inanyumbulika, kwa hiyo chini yake na juu yake mkono wa kwanza uwe puti ya unga. Wavu na puti ya ndoo peke yake ni mwaliko wa ufa. Ya karatasi ni ngumu kuizoea lakini ndiyo imara: laza puti kwanza, bandika karatasi ikiwa na unyevu, ibane kwa skrepa kutoka katikati kwenda nje mpaka ziada itoke pembeni. Usiikamue mpaka puti yote iishe chini, itavimba mapovu kesho yake.

Mwiko Mpana (#7)

Mzee wangu, nimenyamaza. Mimi niliweka wavu na puti ya ndoo. Ufa mwembamba umeanza kwenye kiungio cha juu, nilidhani nyumba inatitia.

Bisibisi Butu (#8)

Nyumba haitembei. Kwangua hapo, fungua huo ufa kidogo kwa kisu, weka tepu ya karatasi. Nusu siku.

Na jambo lingine, kabla ya puti pitisha kisu kwenye kingo za dirisha na za kiraka, uzikate kwa mshazari kidogo, ziwe kama herufi V zikikutana. Puti inapata mahali pa kukaa. Na popote utakapoona karatasi ya juu imechunika na ile ya kahawia imejitokeza, ipake praima kwanza. Ikipata maji ya puti ikiwa tupu inavimba malengelenge, na utapiga msasa malengelenge mpaka yakuzalie mengine.

Mama Wawili (#9)

Shikamoo wakubwa. Nina tatizo tofauti. Nimekata dirisha kama mlivyosema, nikapeleka mkono nyuma nikute nguzo. Hakuna nguzo. Kuna matofali, na kati ya bodi na tofali ni kama upana wa kidole, sentimita moja na nusu. Ni kama bodi zimegundishwa juu ya ukuta wa tofali kwa mabonge ya gundi. Vibao vya mbao haviingii kabisa. Sasa nimebaki na dirisha.

Bisibisi Butu (#10)

Marahaba. Usihangaike, dada, wako ni mwepesi kuliko wa wenzio maana mfupa tayari upo, ni hilo tofali.

Futa vumbi kwenye tofali, lilowanishe kidogo kwa brashi ya maji. Chukua gundi ya unga ya kubandikia bodi, ichanganye iwe nzito. Weka mabonge manne au matano kwenye tofali, yatokeze kidogo kuliko nafasi iliyopo. Sukuma kiraka ndani. Halafu, na hapa ndipo penyewe, chukua rula ndefu au ubao ulionyooka, unaozidi kiraka kwa pande zote, uulaze juu ya ukuta wa zamani na ugonge kiraka taratibu mpaka ubao uguse pande zote kwa usawa. Usikisukume kwa viganja, viganja vinadanganya. Mabonge yakiwa mengi hakitaingia, kitoe upunguze. Kikizama, kitoe uongeze. Una dakika za kutosha.

Kiache kigande kabisa kabla ya tepu.

Mama Wawili (#11)

Asante sana. Nakuja na majibu.

Pimamaji Bovu (#12)

Naomba kuuliza, jamani, kwani kumwita fundi kuna ubaya gani? Uzi mzima watu wanajitesa na skrepa.

Mwiko Mpana (#13)

Hakuna ubaya. Ila kwa kiraka kimoja fundi lazima aje mara tatu, kwa sababu puti haina njia ya mkato. Akija mara moja akamaliza yote, ujue kafanya kile nilichofanya mimi na magazeti.

Bisibisi Butu (#14)

Au katumia puti ya dakika 20 mikono yote. Inawezekana. Lakini ni kweli, kazi ndogo kama hizi tunazikimbia.

Taa ya Pembeni (#15)

Wakuu, mimi nimefuata kila kitu, mbao nyuma, skrubu, tepu ya karatasi, mikono mitatu. Mchana ukuta ni safi. Jioni nikiwasha taa ya ukutani naona mraba mzima umejichora. Nimepiga msasa mpaka tepu imeanza kuonekana. Kosa liko wapi?

Bisibisi Butu (#16)

Jina lako na tatizo lako vimeoana.

Acha msasa kwanza. Hili ndilo ambalo hata mafundi wengine hawalielewi. Chukua bodi nzima mpya utazame kingo zake ndefu mbili: zimebonyezwa kiwandani, ni nyembamba kidogo kuliko katikati. Bonde hilo limewekwa makusudi, tepu na puti vizame humo na ukuta ubaki sawa. Kiraka chako hakina bonde upande wowote. Viungio vyako vyote vinne ni uso kwa uso, na tepu imekaa juu. Kwa hiyo nundu LAZIMA iwepo. Hakuna msasa utakaoiondoa, ukiendelea utakula tepu kama ulivyoanza kula.

Unachoweza kuchagua ni upana wa nundu tu. Milimita 2 zikipanda na kushuka ndani ya sentimita 10, jicho linaziona. Milimita hizo hizo zikitandazwa sentimita 30 au 40 kila upande wa kiungio, hata mwenye kinyongo na wewe hazioni. Mkono wa kwanza skrepa ya sentimita 10 au 15. Wa pili uende nje zaidi, skrepa ya 20 au 25. Wa tatu skrepa ya 30, na mkandamizo uwe kwenye ukingo wa nje wa skrepa ili puti iishe kwa kufifia, isiishe kwa ngazi. Kiraka cha sentimita 30 kwa 30 kinaweza kukuishia na puti eneo la mita moja kwa mita moja. Ndiyo, ni kubwa. Ndivyo ilivyo.

Na usisubiri rangi ndipo uwashe taa. Kabla ya praima, zima taa ya chumba, laza tochi ukutani kwa pembeni, mwanga uteleze juu ya puti. Kila bonde na mlima utatoa kivuli. Ziwekee alama za penseli, zisahihishe.

Taa ya Pembeni (#17)

Kumbe nilikuwa nasugua kitu ambacho hakisuguliki. Nilikuwa nimetandaza sentimita 12 tu, nikajiona mkarimu.

Kiraka cha Masikio (#18)

Niongeze mbinu moja kwa matundu ya katikati, kama sentimita 10 mpaka 15, ambayo ni makubwa kwa wavu na madogo kwa kuhangaika na mbao. Mimi naiita kwa jina langu hapo juu.

Kata kipande cha bodi kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kigeuze. Kwa nyuma chora ukubwa halisi wa tundu, pitisha kisu ukate karatasi ya nyuma na jipsamu, lakini USIGUSE karatasi ya mbele. Vunja vile vipande vya pembeni, uvibandue taratibu kutoka kwenye karatasi ya mbele. Unabaki na kizibo cha bodi chenye masikio ya karatasi pande zote nne. Kata tundu la ukutani liendane na kizibo. Paka puti kuzunguka tundu, ingiza kizibo, laza masikio kwenye puti na uyabane kwa skrepa. Masikio yenyewe ndiyo tepu.

Hakuna skrubu, hakuna mbao.

Mwiko Mpana (#19)

Hii nimeijaribu leo kwenye kipande cha mabaki. Mara mbili nilikata mpaka sikio. Mara ya tatu ikakubali. Inatamanisha.

Bisibisi Butu (#20)

Ni nzuri, naitumia. Lakini si mahali mtu ataegemea, na si darini. Wala si kwenye ukuta unaotenga nyumba na gereji au na jirani. Kuta hizo mara nyingi zimewekwa kuzuia moto. Karibu moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani yake, na moto ukija lazima uyachemshe yote kwanza ndipo upenye. Ukiweka wavu na tone la puti hapo umeufungulia moto dirisha. Tumia bodi ya aina ile ile na unene ule ule, ifungwe kwa skrubu kwenye mbao au chuma. Usitazame rangi ya karatasi tu, rangi zinatofautiana nchi na nchi. Soma maandishi ya mgongoni.

Paa Linavuja (#21)

Habari zenu. Langu liko darini. Maji yalipita, bodi ikavimba, ikaning'inia kama tumbo, kisha kipande kikaanguka. Tundu ni kama sinia. Naweza kutumia hizi njia?

Bisibisi Butu (#22)

Paa limeshaacha kuvuja? Jibu hilo kwanza.

Paa Linavuja (#23)

Nadhani.

Bisibisi Butu (#24)

"Nadhani" haipigwi skrubu. Subiri mvua mbili kubwa, au mwagia maji juu mtu mwingine akitazama kwa chini. Ukifunga tundu juu ya uvujaji, utalipata jingine na kuvu juu yake.

Paa likishapona, kata bodi yote iliyolowa mpaka ufike mahali ambapo ni ngumu, pakavu, na karatasi haibanduki kwa ukucha. Kama kuna sufi ya kuhami joto imelowa, itoe. Acha wazi siku kadhaa, mbao zikauke kweli kweli. Halafu darini nenda mpaka kwenye mbao za dari zenyewe kila inapowezekana, usitegemee vibao viwili vilivyobanwa na bodi ya zamani. Ukutani kiraka kimesimama, darini kinaning'inia. Skrubu ziwe karibu karibu.

Na kwa atakayekuta dari yake imeshuka tumbo lakini haijaanguka: zima umeme, ondoka chini yake, weka ndoo, kisha kwa fimbo ndefu itoboe katundu kadogo maji yatoke. Isikuangukie na maji yote kwa pamoja.

Bodi za kijani za bafuni zinavumilia unyevu, hazivumilii kuvujiwa. Watu wanachanganya.

Nimekaa Pale (#25)

Swali la pembeni. Nyumba ninayokaa ni ya zamani sana. Kuna tatizo kupiga msasa?

Mwiko Mpana (#26)

Linaweza kuwepo, na kubwa. Puti za viungio za zamani katika nchi nyingi zilichanganywa na asbesto. Marekani walizipiga marufuku puti zenye asbesto mwaka 1977, Uingereza asbesto yote iliyobaki ilipigwa marufuku mwaka 1999. Marufuku hainyanyui kilichokwisha pakwa. Kama nyumba ni ya umri huo na hujui nini kimo ukutani, usikate wala usisugue mpaka sampuli ipimwe. Na rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, msasa unayageuza vumbi.

Hata puti mpya vumbi lake si la kuchezea. Barakoa iwe ile ya vumbi hasa, inayobana pua na mashavu. Kitambaa hakisaidii. Mimi siku hizi mkono wa mwisho nausugua kwa sponji mbichi, iliyokamuliwa sana. Haitoi vumbi, ila ukizidisha maji unaiosha puti yote. Kwa msasa mkavu naanza na namba 120, namaliza na 180 au 220.

Mama Wawili (#27)

Nimerudi. Kiraka kimeshika kwenye tofali, nimegonga kwa ngumi hakitikisiki. Mara ya kwanza kilizama upande mmoja, nikakitoa nikaongeza bonge kama mlivyosema.

Tatizo ni rangi. Nimepaka rangi ile ile, kutoka kopo lile lile nililolihifadhi, na kiraka kinaonekana. Rangi ni moja lakini pale pamefifia, hapang'ai kama kwingine.

Taa ya Pembeni (#28)

Dada ulipaka praima?

Mama Wawili (#29)

Niliruka. Nilidhani si lazima.

Bisibisi Butu (#30)

Puti inakunywa rangi, ukuta wa zamani haunywi. Ndiyo maana pamefifia. Sasa hivi paka praima juu ya eneo lote la puti, ikauke, halafu usipake kiraka peke yake: paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Jicho haliwezi kulinganisha kuta mbili zinazokutana konani, mwanga unazipiga tofauti. Lakini ndani ya ukuta mmoja litaona mpaka wako hata kopo likiwa lile lile, maana rangi ya ukutani imeshapauka. Praima nayo ipake kwa roli, brashi inaacha michirizi na ukuta wako una vipele vya roli.

Kona Kali (#31)

Wakuu, nimerudi na aibu. Nilipokwenda kuweka kizuizi cha mlango nilibonyeza kiraka changu cha wavu kwa gumba, kama Mwiko Mpana alivyosema. Kikaingia. Nikasema basi, nikate. Nimekata dirisha la sentimita 20 kwa 20, vibao viwili nyuma, sijaangusha hata kimoja. Lakini skrubu tatu kati ya nane zimechana karatasi na kuzama. Nifungue nizirudishe?

Mwiko Mpana (#32)

Usizirudishe kwenye tundu lile lile, hazishiki tena. Piga nyingine sentimita 3 au 4 pembeni yake, kisha itoe ile mbovu na ujaze kijishimo puti. Weka skrubu mbali na ukingo wa kiraka angalau sentimita moja na nusu, karibu zaidi ya hapo jipsamu inapukutika. Na keekee ipunguze nguvu, au malizia kwa bisibisi ya mkono.

Kona Kali (#33)

Sawa. Nimefanya. Leo mkono wa pili.

Kona Kali (#34)

Mkono wa tatu umekauka, praima tayari. Jana usiku nikazima taa zote nikalaza tochi ukutani. Kiraka changu sikioni. Ila nimeona kitu kingine: kuna nundu inapanda kutoka sakafuni mpaka darini, kiungio cha bodi mbili, aliyejenga hakukitandaza. Kipo tangu siku ya kwanza na sikuwahi kukiona. Kuna kingine kama hicho ukuta wa pili. Sasa nafikiria kuvifungua vyote.

Bisibisi Butu (#35)

Zima tochi, mkuu, ukalale.